Bakuli la Watu Baki

Kila asubuhi nina dakika kumi na mbili. Naamka saa kumi na mbili kamili, na ikifika saa moja kasorobo lazima niwe nimefunga mlango wa chumba changu hapa Oruba, mjini Migori, kwa sababu duka la dawa ninalofanyia kazi linafunguliwa saa moja na bosi wangu haamini hadithi za mvua. Ukitoa muda wa kuoga, kupiga nguo pasi na kutafuta ufunguo ambao kila siku unajificha mahali papya, jikoni nabaki na dakika kumi na mbili. Miaka miwili ya kwanza dakika hizo zilikuwa za chai ya rangi na mandazi mawili ya yule mama wa kona. Ikifika saa nne tumbo linanguruma mbele ya wateja, na mteja anayetafuta dawa ya vidonda vya tumbo ananitazama kwa huruma.

Siku hizi nakula wali. Ndiyo, asubuhi. Wali ndani ya bakuli, juu yake yai na kitunguu, juu ya yai omena. Jirani yangu alichungulia siku moja kupitia mlango ulio wazi, akaangalia bakuli, akaniangalia mimi, akauliza kama nina mimba.

Sina. Ni chakula cha Kijapani, au kilikuwa cha Kijapani kabla hakijapita Mbita na kufika kwangu. Nitakueleza namna ya kukipika, kwa sababu ni rahisi na kuna mwisho wa mwezi utakaokuokoa. Lakini siwezi kueleza bila kumtaja mama yangu, na maneno niliyomwambia nikiwa na miaka kumi na sita.

*

Nimezaliwa Mbita, Kaunti ya Homa Bay, pale barabara inapovuka daraja kwenda kisiwa cha Rusinga. Mbita si mahali pa kushangaa ukimwona Mjapani. Kando ya ziwa kuna kampasi ya icipe yenye jina la Thomas Odhiambo, mwanasayansi Mkenya aliyeanzisha taasisi hiyo mwaka 1970, na Chuo Kikuu cha Nagasaki kimefanya utafiti wa malaria na magonjwa mengine eneo hilo kwa miaka mingi. Watoto wa Mbita hawakimbii nyuma ya mgeni wakipiga kelele. Wanamsalimia tu na kuendelea na mpira.

Mwaka 2015, nikisubiri kujiunga na chuo, nilipata kibarua cha miezi mitatu cha kuandamana na mwanafunzi mmoja wa utafiti kutoka Japani. Kazi yangu ilikuwa kumtafsiria Kijaluo tukizunguka vijijini. Watu walimwita Nyar Japan, binti wa Japani, kama tunavyomwita mke kwa jina la kwao: Nyar Gem, Nyar Ugenya. Alilipenda hilo jina kuliko lake. Alikuwa amepanga vyumba viwili karibu na soko, na tulitakiwa kutoka mapema kabla jua halijakuwa kali.

Siku ya kwanza nilifika kwake, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula," akasema, akaniwekea kiti.

Ndipo nikajua kwamba kwa Kijapani neno gohan ni wali, na ni neno hilohilo linalomaanisha mlo. Kifungua kinywa kinaitwa asagohan: wali wa asubuhi. Nikamwambia kwetu ni hivyohivyo kwa kuon, yaani ugali. Mzee wa Kijaluo unaweza kumpa chapati sita na kuku mzima, bado atauliza chakula kitakuja saa ngapi. Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

Jikoni kwake kulikuwa na mtungi mdogo wa gesi na kikaango kimoja chenye kifuniko. Wali ulikuwa kiporo cha jana. Alikata kitunguu, akakichemsha na maji kidogo, sosi ya soya na sukari, akavunja mayai mawili, akayakoroga mara tatu tu, akayamwaga juu ya kitunguu na kufunika. Muda wa kusema Baba Yetu. Kisha akavitelezesha vyote juu ya wali, mchuzi ukazama chini kati ya punje.

Akanieleza kwamba bakuli la wali lenye kitu juu yake linaitwa donburi, na kila aina ina jina lake. Ukiweka kuku na yai, linaitwa oyakodon. Oya ni mzazi, ko ni mtoto. Bakuli la mzazi na mtoto. Niliona ni ukatili kidogo, halafu nikaona ni kweli tu. Na ukiweka nyama ya ng'ombe au ya nguruwe pamoja na yai, linaitwa tanindon. Tanin ni watu baki, watu wasio na undugu. Ng'ombe na yai hawajuani, wamekutanishwa na njaa yako.

"Na hii?" nikauliza, maana alikuwa amefungua mfuko wa karatasi na kuchota kitu.

Zilikuwa omena. Alizinunua sokoni wiki yake ya kwanza Mbita, akasema alipoziona alitaka kulia. Kwao kuna samaki wadogo waliokaushwa wanaoitwa niboshi, wa baharini, lakini umbo ni lilelile na harufu ni jamaa. Huwakata vichwa na kutoa matumbo yasilete uchungu, wakawaloweka kwenye maji usiku, na asubuhi maji yale ndiyo supu ya kuanzia kila kitu. Alishika omena moja kwa vidole viwili kama mtu aliyekutana na mtu wa kijijini kwao ugenini.

"Samaki na yai," akasema. "Hii pia ni watu baki."

"Mimi usiniwekee omena."

"Una mzio?"

"Ndiyo," nikasema. Nilidanganya. Kwa miezi mitatu nilikula bakuli la yai na kitunguu, na yeye akanyunyiza omena kwake peke yake. Huenda alizinunua kwa mama yangu. Sikumuuliza.

*

Baba alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa na cherehani nyeusi ya miguu kwenye baraza la duka la mtu, na sare za shule nusu ya Mbita zilipita chini ya sindano yake. Alifariki mwaka 2010. Baada ya matanga cherehani haikuwepo tena. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimesikia hadithi nyingi za ndugu wa marehemu wanaokuja na mkokoteni, nikajijibu mwenyewe kwamba baba wadogo waliichukua. Nyumbani hakuna aliyeizungumzia.

Mama akaanza biashara ya omena. Kama hukukulia ziwani, nikuambie kidogo. Omena ndiyo dagaa kwa Watanzania na mukene kwa Waganda. Huvuliwa usiku kwa taa. Ukisimama ufuoni usiku usio na mwezi unaona taa zimejipanga juu ya maji kama mji mwingine. Alfajiri boti zinarudi, na akina mama wanangoja na beseni. Wananunua, wanatandaza nyavu kuukuu kwenye mchanga, wanaanika, wanageuza, wanafukuza ndege, wanaomba mvua isinyeshe. Jioni wanakusanya na kupima kwa gorogoro. Kila mwaka, Aprili hadi Julai, upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa ili zizaane. Miezi hiyo minne mwenye akiba anakula akiba, asiye nayo anakopa.

Na kuna jambo jingine, ambalo watu wa Nairobi hulisoma kwenye magazeti na sisi tulilisikia tukichota maji. Linaitwa jaboya. Samaki ni wachache, wanunuzi ni wengi, na boti ni za wanaume. Kwa hiyo mvuvi anaweza kuchagua nani apate samaki leo, na bei si pesa peke yake. Si kila mvuvi yuko hivyo. Lakini inatosha kuwa wako, na inatosha kwamba kila mwanamke mwenye beseni ufuoni anatazamwa kwa swali hilo. Kule Nduru, upande wa Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya 2010 akina mama walianzisha kundi, wakapata boti zao wenyewe, wakaliita No Sex for Fish. Jina limenyooka kama msumari. Nadhani waliona wamechoka kuongea kwa mafumbo.

Mwaka 2012 nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Siku ya wazazi mama alikuja moja kwa moja kutoka ufuoni, na begi, na leso yake safi, na harufu. Alikuwa ameniletea omena zilizokaangwa na nyanya kwenye chombo cha plastiki. Msichana mmoja wa dirisha la pili akavuta pumzi kwa nguvu na kusema lile neno moja. Wenzake wakacheka. Mama alisikia. Niliona mgongo wake ukinyooka.

Ningeweza kumjibu yule msichana. Badala yake, tulipofika chini ya mti, nikamrudishia mama chombo chake.

"Usiniletee samaki wako. Kila mtu anajua unavyowapata."

Hakunipiga. Hakusema kitu. Alifungua kile chombo, akakaa kwenye nyasi akala mwenyewe, polepole, mpaka kikaisha, akaniachia pesa ya matumizi na akaenda kutafuta gari. Karo yangu ya muhula ule, na iliyofuata, na ya chuo baadaye, ilitoka palepale ufuoni. Nililijua hilo hata nikiwa na miaka kumi na sita. Tuliendelea kuongea, tusiache kudanganyana: hujambo, sijambo, mvua imenyesha, fulani amefariki. Tulikuwa na adabu sana. Watu baki ndio huwa na adabu kiasi kile.

Omena sikuzigusa tena kwa miaka kumi na moja.

*

Agosti 2023. Mwezi ulikuwa kona, na si kona ya kawaida. Nilikuwa nimelipa kodi ya nyumba na mkopo wa friji ndogo, simu ilikuwa imepasuka kioo, na mama wa mandazi tayari alikuwa ameniandika kwenye daftari lake. Nyumbani kulikuwa na mchele, mayai matatu, kitunguu, chupa ya sosi ya soya niliyoinunua siku ya tamaa, na kifurushi cha mama. Uvuvi ulikuwa umefunguliwa. Kila Agosti mama hutuma gorogoro moja ya omena kwa makanga wa matatu, Mbita hadi Homa Bay, Homa Bay hadi Rongo, Rongo hadi Migori, na kila Agosti mimi humpa jirani. Mama hakuwahi kuuliza kama nazila. Alituma tu.

Mwaka ule sikumpa jirani. Nilikaa sakafuni, nikazikata vichwa moja moja, nikamkumbuka Nyar Japan.

Sitasema kwamba niliuma omena ya kwanza nikalia. Ilikuwa na chumvi kupita kiasi. Nilikuwa nimesahau kwamba sosi ya soya yenyewe ni chumvi tupu, nikaongeza chumvi kama ninayepika mboga. Nilikunywa maji siku nzima. Lakini saa nne haikuninguruma, wala saa tano. Nilikula chakula cha mchana saa nane, nikiwa sijatamani kumuuma mteja.

Haya, tupike.

Jumapili, chukua omena viganja viwili. Kata vichwa, na matumbo yale meusi ukiweza. Osha kwa maji ya uvuguvugu mara mbili hadi mchanga uishe. Gawanya. Nusu moja kausha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka zilie zikigusana, halafu hifadhi kwenye chupa yenye kifuniko. Hizo zitakutosha wiki. Nusu nyingine ni za kuloweka: kila usiku weka kama kumi kwenye nusu kikombe cha maji, ndani ya friji.

Mchele usikusumbue. Ule wa Kijapani una punje fupi na unanata. Pishori wa Mwea kila punje inajitegemea kama mwanafunzi wa chuo. Mimi nanunua mchele wa Nyatike, unaolimwa kwenye mradi wa umwagiliaji wa Lower Kuja, kwa sababu ndio ulio karibu na sokoni wanaujua. Ongeza maji kidogo kuliko ulivyozoea na uuache ukae umefunikwa baada ya kuiva. Utalainika vya kutosha. Tunakula kwa kijiko, hatumwigizi mtu.

Sasa sikiliza, hapa naongea kama mtu wa duka la dawa. Wali wa usiku usiuache mezani hadi asubuhi, hasa na joto letu. Kuna bakteria anayependa wali uliopoa polepole, na sumu yake haifi kwa kupashwa moto. Utandaze upoe haraka, uweke kwenye friji, uumalize kesho yake. Stima ikipotea usiku kucha, mwaga, pika mwingine. Na mayai: Wajapani wengine huvunja yai bichi juu ya wali wa moto na kula hivyohivyo, kwa sababu mayai yao huoshwa na kukaguliwa kwa kazi hiyo. Ya kwetu hayajaandaliwa hivyo. Yaive.

Asubuhi, nina jiko la gesi la kichomeo kimoja, kwa hiyo kuna foleni. Wali kwanza: nyunyizia maji vijiko viwili, funika, dakika tatu, mimina kwenye bakuli, funika kwa sahani. Kisha kikaango. Mimina maji ya omena pamoja na omena zake, nusu kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba, sosi ya soya kijiko kimoja cha mezani, sukari kijiko kimoja cha chai. Chumvi usiguse. Wenyewe huweka na pombe tamu ya mchele, sukari inatosha. Kitunguu kikilainika, kama dakika nne, koroga mayai mawili mara tatu au nne tu, ute na kiini visichanganyike kabisa, mwaga kwa mzunguko, funika. Dakika mbili. Telezesha juu ya wali. Zile omena kavu zinaingia mwisho kabisa, juu, ili zibaki na sauti. Dania kama ipo. Pilipili kama wewe ni wewe.

Zinabaki dakika mbili za kula umesimama. Kaa chini lakini. Hata kwenye ndoo.

*

Mama alikuja mwaka jana, mwezi wa Novemba. Hakuja kunitembelea. Alikuwa na mazishi Nyatike, gari likachelewa kurudi, akafika steji ya Migori saa mbili usiku na kunipigia simu kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Asubuhi ilikuwa lazima aondoke saa kumi na mbili, kwa sababu alikuwa ameacha omena zimeanikwa na kijana wa jirani haaminiki mvua ikija.

Nilimpikia ugali na sukuma. Baada ya kula nikasahau kwamba yupo, nikafanya ninachofanya kila usiku: nikatoa mfuko, nikaanza kukata vichwa.

Alinitazama kwa muda.

"Unakula omena?"

"Nakula."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Akavuta kigoda, akaichukua ile sahani mapajani kwangu. Mimi hukata kichwa kimoja kwa sekunde tatu. Yeye hata haangalii. Vichwa vilikuwa vinaanguka kwenye gazeti kama mvua ya kwanza kwenye mabati. Akamaliza zote, akasukuma sahani kwangu, na hatukusema zaidi.

Kitanda ni kimoja. Tulizima taa. Nilidhani amelala.

"Ile cherehani ya baba yako," akasema gizani. "Unaikumbuka?"

"Si akina baba mdogo waliichukua."

"Nani alikuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nilinyamaza.

"Niliiuza, nyara. Wiki ya tatu baada ya matanga. Nilitaka nikienda ufuoni niende na pesa mkononi. Ukiwa na pesa mkononi unanunua na unaondoka. Ukienda mikono mitupu unaambiwa, mama, subiri kidogo. Na huko kusubiri ndiko kwenyewe."

Nje pikipiki ilipita, ikapotea upande wa mto. Nilijua huu ndio wakati, na koo lilikuwa limekauka kama siku ile ya chumvi.

"Mama, nisamehe. Yale niliyokuambia shuleni."

Alikaa kimya muda mrefu, nikaanza kuogopa kwamba atauliza ni yapi.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Lakini nisikilize. Mimi nilikuwa na cherehani ya kuuza. Kuna wenzangu tulianika nao kwenye wavu mmoja, na waume zao hawakuwa mafundi. Walisubiri. Watoto wao wamesoma, wengine ni walimu wako wa Jumapili. Hao usije ukawasema. Hata ukitaka kunisifu mimi, usiwaseme."

Nimeiandika hapa kwa sababu alinishika penyewe. Aliposema aliiuza cherehani, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Mama yangu alilipa pesa taslimu! Nilikuwa tayari kuibeba habari hiyo kama risiti, nimtafute yule msichana wa dirisha la pili nimwonyeshe. Kumbe ningekuwa nasimama upande wa dirisha naye, tunacheka wengine.

Saa kumi na moja alfajiri alikuwa amekwisha amka, amekunja leso, anafagia chumba ambacho hakikuwa kichafu. Nikawasha gesi. Nikamwambia akae, ni dakika kumi na mbili. Alisimama nyuma yangu akikagua. Alipoona natia sukari kwenye maji ya omena alivuta pumzi, kama mtu anayeona gari linarudi nyuma bila dereva, lakini hakuingilia.

Nikamwekea bakuli. Akaomba. Mama haombei chakula kidogo: waliombewa wafiwa wa Nyatike, dereva wa gari ambalo hata hatukuwa tumelipanda, na serikali ya kaunti. Wali ukaanza kupoa. Mwishowe akachota, akatafuna, omena zikasikika.

"Ni tamu," akasema kwa mashaka. Kisha akachota tena. "Ni wa wapi huu?"

Nikamweleza. Nyar Japan alimkumbuka: "Yule aliyekuwa anachagua moja moja kama anachagua mume!" Nikamweleza habari ya majina, kuku na yai kuwa bakuli la mzazi na mtoto, na hili letu, samaki na yai, kuwa bakuli la watu baki.

Mama aliacha kijiko.

"Watu baki kivipi?"

"Hawana undugu. Yai ni la kuku, omena ni ya ziwa."

"Na kuku anakula nini?"

Nikamtazama.

"Zile omena zilizovunjika na zile zilizopigwa na mvua, nani huja kuzinunua? Watu wa chakula cha kuku. Gunia kwa gunia. Kuku wa mayai bila omena atataga nini, mawe?" Akachukua kijiko chake. "Yai hili limenyonya omena. Mwambie huyo Nyar Japan alikosea."

Alikula mpaka chini, akapangusa mchuzi kwa kidole. Saa kumi na mbili kasoro tano tulikuwa steji. Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amekunja lile gazeti la vichwa vya omena na kulitia kwenye begi lake. Kuku wake wasikose, akasema. Probox ilikuwa imebakiza nafasi ya mtu mmoja, yaani wanne. Akajibana dirishani. Hatukukumbatiana, sisi si watu wa kukumbatiana. Alinipa mkono kupitia dirishani, ukiwa unanuka samaki, na wangu pia ulikuwa unanuka.

Nilifika kazini saa moja na dakika tano. Bosi alitazama saa yake. Nikamwambia mama yangu alikuwa amekuja. Hakuamini hilo pia.

Alhamisi iliyofuata makanga alinipigia simu nije kuchukua mzigo. Kulikuwa na gorogoro ya omena kama kawaida, na trei ya mayai iliyofungwa kwa magazeti na kamba ya nailoni. Kutoka Mbita hadi Migori, na zile barabara, yalipasuka mawili tu. Hayo ndiyo niliyopika kesho yake.